Grupu si kundi



Katika daftari la kundi letu, lile lenye jalada la buluu analolitunza mwandishi, yameandikwa majina 41. Katika grupu ya WhatsApp ya kundi hilohilo zimo namba 23. Tofauti ya hesabu hizo mbili tuliijua tangu siku ya kwanza, wala haikutunyima usingizi. Tulisema kwamba wasio na simu watapata habari kwa wenzao. Miezi ikapita. Mikutano ya Jumamosi ikawa mifupi, kisha ikawa michache, kwa kuwa kila neno lilikuwa limekwisha kusemwa katika simu kabla hatujakaa kwenye mabenchi.

Msimu wa mvua uliopita mwenzetu mmoja aliugua. Habari ilifika kwenye grupu siku ya Jumatatu asubuhi, na majibu yakaanza kumiminika palepale. Baadaye tulihesabu: jumbe 64. Mishumaa, mikono ya sala, mioyo, rozari, picha ya Bikira Maria iliyozungushiwa maua, na sala moja ndefu ambayo hakuna aliyeitunga miongoni mwetu. Kila aliyepeleka wake aliiweka simu chini akiwa na roho nyeupe. Baada ya siku kumi na mbili mmoja wetu alikutana na mama wa mgonjwa sokoni, akampa pole na kumweleza jinsi vijana wote walivyokuwa pamoja naye. Mama alimtazama kwa muda. Simu ya mwanangu, akasema, tuliiuza siku ya pili ili tulipe dawa. Kadi yake ya SIM imo ndani ya kiberiti, juu ya kabati. Njia ya kwetu mnaijua.

Hatukuwa na la kumjibu. Kijana alipona, tunamshukuru Mungu, lakini kupona kwake hakukupitia mikononi mwetu hata kidogo. Jumbe nyingi zilikwenda kwenye namba iliyolala ndani ya kiberiti, na hakuna aliyegundua kwamba mgonjwa hajajibu neno tangu Jumanne. Sababu yake ni rahisi kuitaja na ngumu kuikiri: hatukumwandikia yeye. Tuliandikiana sisi kwa sisi, kila mmoja akitaka aonekane na wenzake kwamba amesali.

Tunaandika ukurasa huu ili kupinga jambo, na tunaanza kwa kujipinga wenyewe. Tumeukosea mtandao wa kijamii maana yake. Tumeufanya kuwa mahali pa kukaa, nao ni njia ya kupita. Barabara ya Kabambare haijapata kumtembelea mgonjwa yeyote wa Kabambare. Wanaomtembelea ni watu walioikanyaga, kwa miguu, kwa baiskeli au kwa pikipiki, wakafika na tope hadi magotini. Kijana anayesema «niko kwenye grupu» kana kwamba amesema «niko katika kundi» amesimama katikati ya barabara akadhani amefika.

Baadhi ya wazee wetu watafurahi kusoma maneno hayo, na tungependa wasifurahi haraka. Wako wanaotaka simu zikusanywe mlangoni pa ukumbi wa parokia kama mapanga. Hatuko nao. Mtu mwenye dada aliyeolewa Lubumbashi, mwenye kaka anayetafuta dhahabu Salamabila, mwenye shangazi aliyekimbia vita akaishia Uvira, hawezi kuambiwa kwamba sauti ya ndugu yake, ikimfikia usiku ndani ya chumba chake, ni kazi ya shetani. Zamani barua iliyotoka Kasongo ilimngoja msafiri, na msafiri aliingoja mvua ikatike. Chombo ni chema. Tunachokipinga ni kazi tunayokipa.

Tunaobishana nao hasa ni wale wenye bidii kuliko sisi sote, wanaosema: kijana wa leo yuko ndani ya simu, basi Kanisa limfuate humo. Sentensi hiyo tumeisikia katika semina, katika mafungo, hata katika mahubiri, na nusu yake ya kwanza ni kweli tupu. Nusu ya pili ndiyo inayotutia shaka, kwa sababu hatujamsikia anayeeleza jinsi Kanisa litakavyotoka humo likiwa limemshika kijana huyo mkono. Mvuvi wa Lualaba humfuata samaki majini, lakini hahamii majini. Tunavijua vikundi vinavyopeleka somo la siku kila alfajiri bila kukosa, na ambavyo havijui ni nani kati ya wapokeaji aliyeacha shule kwa kukosa karo, ni nani aliyefukuzwa nyumbani akiwa na mimba, ni nani aliyekwenda machimboni bila kumuaga mtu. Somo limefika. Aliyelileta hajafika.

Kusudi la kitu huulizwa kwanza kwa fundi wake. Facebook ilifunguliwa tarehe 4 Februari 2004 na wanafunzi wa chuo kikuu cha Harvard, nchini Marekani. Walilala katika mabweni ya jirani na kusoma katika madarasa yaleyale. Mtandao wao ulikuja kuwasaidia watu waliokwisha kukutana, au ambao wangeweza kukutana kesho yake kwa kuvuka uwanja. WhatsApp, iliyozaliwa mwaka 2009, ilianza kama njia ya kuwaonyesha wale ambao namba zao zimo katika simu yako kwamba una nafasi ya kuongea au huna. Vyombo vyote viwili vilijengwa juu ya ujirani uliokuwapo tayari. Kuuzaa ujirani usiokuwapo havikutuahidi; ahadi hiyo tumejipa wenyewe.

Lakini fundi ana kusudi lake, na mwenye mali ana lake. Mwaka 2014 Facebook iliinunua WhatsApp kwa bei iliyotangazwa kuwa dola bilioni 19, na hakuna anayetoa fedha kama hizo ili vijana wa Kasongo watakiane Noeli njema. Karibu mapato yote ya kampuni hiyo, ambayo leo inaitwa Meta, hutoka katika matangazo ya biashara. Anayelipa ni mwenye tangazo, na kinachouzwa ni muda ambao macho yetu yanabaki kwenye kioo. Wazee wetu waliyajua masoko. Nyangwe, kando ya Lualaba hii yetu, palikuwa na soko kubwa ambalo Livingstone alilikuta mwaka 1871, akashangaa wingi wa wanawake waliokuja kuuza na kununua. Kila mwanamke aliyekwenda pale alijua amebeba nini kichwani na atarudi na nini. Sisi tunakwenda katika soko hili jipya kila siku, tunakaa mpaka betri inakufa, na tukiulizwa tumeuza nini tunasema hatukuuza kitu. Tumeuza jioni nzima. Tena gharama ya kuiuza tumeilipa wenyewe, kwa kuwa mega tulinunua sisi, na kwa mwenye paneli ya jua tulilipa sisi ili simu ipate moto.

Hayo yangekuwa hasara ya muda tu, tungenyamaza. Kijana anapoteza muda kwa njia nyingi, na wazee waliotulea walipoteza wao kwa pombe ya mnazi na karata. Kuna kosa la pili, na hapo hatuongei tena juu ya mishumaa.

Shahidi, katika lugha yetu, ni mtu aliyekuwapo. Aliona, akasikia, na yuko tayari kusimama mbele ya wengine akiwa na jina lake na uso wake. Kanisa limelichukua neno hilohilo likamvika Mwenyeheri Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964: shahidi ni mtu ambaye ukweli wake umemgharimu. Sasa tujiulize, tunapopeleka mbele ujumbe ambao hatujui ulikotoka, juu ya tukio ambalo hatukuliona, katika mji ambao hatujaufika, huku tukiandika juu yake «sambazeni kabla hawajaifuta», tumekuwa nani? Kwa hakika si mashahidi. Hatukuwapo, na haitugharimu kitu.

Tarehe 9 Desemba 2021, huko Lweba, katika Fizi inayopakana na Kabambare yetu, umati ulimkamata meja wa jeshi letu la taifa, FARDC, ukamwua na kumchoma moto. Kosa lake lilikuwa kuzaliwa Munyamulenge. Aliivaa sare ya nchi hii. Video ya kifo chake ilizunguka haraka kuliko habari yoyote njema iliyopata kutoka Fizi. Miezi sita baadaye, Juni 2022, majuma yaleyale ambayo M23 waliuchukua mji wa Bunagana na hasira ikapanda nchi nzima, mtu mwingine aliuawa na umati uliomshuku kwa asili yake. Mara hii haikuwa Fizi. Ilikuwa Kalima, ndani ya mkoa wetu wa Maniema. Picha nazo zikazunguka.

Aliyeishika simu ili arekodi alikuwa karibu kiasi cha kuweza kunyosha mkono. Hilo ni la kwake na la Mungu. La kwetu ni hili: sisi tuliokuwa mbali tulizipokea picha zile, tukazitazama mpaka mwisho, na baadhi yetu tukazipeleka mbele kwa kisingizio cha kuzilaani. Tulidhani tunatoa habari. Mtu aliyechinjwa mara moja Lweba akachinjwa tena Kasongo, Kindu na Kabambare, mbele ya watoto wadogo waliokuwa wanachungulia kwenye bega la kaka yao. Hakuna hata ujumbe mmoja uliouliza mjane wake anaishi wapi.

Kasongo ina sababu yake ya pekee ya kuogopa jambo hili. Tangu zama za Tippu Tip mji wetu ni wa misikiti, na tangu kuja kwa wamisionari ni wa makanisa pia. Koo nyingi zina Fransisko na Ramazani waliozaliwa na mama mmoja. Tunazikana. Siku ya Idi sahani inavuka ua, na siku ya Noeli inarudi haiko tupu. Basi, tumepokea katika simu zetu jumbe kuhusu mauaji ya Beni na Ituri, mauaji ya kweli, ya kutisha, yanayofanywa na waasi wa ADF. Na katika jumbe hizo, mahali palipopaswa kuandikwa ADF, pameandikwa Waislamu. Neno moja tu limebadilishwa. Aliyelibadilisha hatumjui, huenda hajapata kukanyaga Maniema. Lakini aliyempelekea jirani yake ujumbe ule tunamjua, kwa maana ni mmoja wetu, na jirani aliyeupokea ana mjomba ambaye ni imamu. Kijana huyo akiambiwa atamke maneno yaleyale mlangoni pa mjomba, jioni, watu wakiwa wamekaa kwenye mkeka, hataweza. Ulimi utakataa. Kidole hakikukataa. Tofauti hiyo kati ya ulimi na kidole ndiyo hatari yenyewe tunayoisema.

Wengine watatujibu kwa methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tumeisikia sana methali hiyo siku hizi, ikitumiwa kama leseni ya kusambaza. Hatupendi kugombana na hekima ya wazee, ila tunaomba isomwe kwa makini. Mara nyingi linalokuja limekuja kwa sababu lilisemwa. Wakati wa ugonjwa wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, ilisemwa kwa miezi mingi kwamba ugonjwa haupo, kwamba ni biashara ya wakubwa, kwamba waganga wamekuja kuua. Ugonjwa ulikuwapo: uliwaua watu 2,287. Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kutusaidia, alipigwa risasi na kufa katika hospitali ya Butembo tarehe 19 Aprili 2019. Novemba mwaka uleule, huko Lwemba, mwandishi wa redio ya jamii aliyekuwa akiwafundisha wasikilizaji wake kujikinga aliuawa ndani ya nyumba yake. Hatusemi kwamba simu ndizo zilizoua. Tena uvumi ule ulikuwa na mzazi: siku chache kabla ya uchaguzi wa Desemba 2018, wapiga kura wa Beni na Butembo waliambiwa kwamba kwao hautafanyika, kwa sababu ya Ebola, na mtu aliyenyimwa kura yake ana haki ya kushuku. Lakini kushuku kulianza na swali, na swali halina kosa. Lilipofika kwenye simu ya mia moja halikuwa swali tena. Lilikuwa hukumu.

Wenye chombo wenyewe wameliona. Mwaka 2018, baada ya watu kuuawa na umati nchini India kwa uvumi kwamba wanaiba watoto, WhatsApp iliwazuia watumiaji wa huko wasiupeleke mbele ujumbe mmoja kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja. Januari 2019 kikomo hicho kikawa cha dunia nzima, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi ukaruhusiwa kupelekwa sehemu moja tu kila mara. Kampuni inayoishi kwa macho yetu imeona haya ikapunguza. Sisi tunaoishi kwa Neno bado tunaona ni sifa kuwa wa kwanza kulisambaza la mtu asiyejulikana.

Tunajua jibu linalokuja. Mtatuambia: bila mitandao dunia isingejua mateso yetu, na serikali zinazokata intaneti zinafanya hivyo kwa sababu zinaiogopa. Ni jibu zito na halistahili kupuuzwa, hasa nasi walei. Basi tulitazame kwa mfano wa walei wenyewe.

Tarehe 31 Desemba 2016, chini ya usimamizi wa maaskofu wetu wa CENCO, yalisainiwa Kinshasa mapatano yaliyoitwa ya Mtakatifu Silvesta, ili uchaguzi ufanyike. Mwaka ukaisha bila uchaguzi. Kamati ya Uratibu ya Walei, iliyoongozwa na mwanahistoria Isidore Ndaywel, ikawaita waamini waandamane kwa amani tarehe 31 Desemba 2017, baada ya misa. Serikali ikaagiza intaneti na ujumbe mfupi vikatwe nchi nzima. Kwa hesabu ya wale wanaodhani kwamba jumuiya ni grupu, siku ile pasingetokea mtu. Watu walitokea. Walitoka makanisani wakiwa na rozari na misalaba, watumikiaji wa altare wakiwa mbele na mavazi yao, wakakutana na gesi ya machozi na risasi, na wengine hawakurudi nyumbani. Januari 21 waliitwa tena, intaneti ikakatwa tena, wakatoka tena. Siku ile Thérèse Kapangala, msichana wa miaka 24 aliyekuwa anajiandaa kuingia utawa, alipigwa risasi akafa kwenye parokia ya Mtakatifu Fransisko wa Sales, Kintambo.

Wito ule ulipita wapi? Ulikwisha kupita katika parokia, katika mashirika hai, kutoka kwa mtu anayemjua mtu. Simu zilikuwa zimesaidia kabla, na zilisaidia baadaye, picha zilipotoka na dunia ikaona. Hilo tunalikubali bila shingo upande. Lakini saa ile yenyewe, saa ambayo serikali ilishika waya na kuukata, kilichobaki ni kile kilichokuwapo kabla ya waya. Mahali ambapo hapakuwa na kitu kabla ya waya, hapakubaki kitu.

Mwaka uliofuata tulipata somo lilelile kwa urefu zaidi. Intaneti ilikatwa tena tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, ikarudi baada ya siku kama 20. CENCO ilikuwa imewatuma waangalizi wapatao 40,000 katika vituo vya kura nchini. Walikuwa watu wenye miili, waliokaa tangu alfajiri mpaka kuhesabu, wakaona kwa macho yao karatasi zilizobandikwa mlangoni. Ndiyo maana tarehe 3 Januari 2019, mtandao ukiwa umekufa, maaskofu waliweza kusimama na kusema kwamba wanajua aliyeshinda. Walikuwa na mashahidi. Kama wangekuwa na wasambazaji 40,000, wangekuwa na nini mkononi siku ile?

Siku chache tu baada ya mtandao kurudishwa kwetu, tarehe 24 Januari 2019, sikukuu ya yuleyule Mtakatifu Fransisko wa Sales, Papa Fransisko alitoa ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Duniani, nao ulihusu mitandao ya kijamii. Hakuilaani. Alichukua fundisho la Mtume Paulo kwa Waefeso, kwamba sisi ni viungo vya mwili mmoja, akaupima mtandao kwa kipimo hicho: ukituandaa tukutane, ni msaada, ukichukua nafasi ya kukutana, umetudanganya. Na alipofika Kinshasa akazungumza na vijana katika uwanja wa Mashujaa tarehe 2 Februari 2023, alirudia jambo hilo kwa maneno mepesi zaidi, akisikitika kuwaona vijana wanaokaa saa nyingi mbele ya simu na kuondoka na nyuso zilizochoka. Wengi wetu tulimsikiliza kwa simu, ndiyo, hatuoni aibu kulisema. Tulimsikiliza, tukakata vipande vya hotuba yake, tukaviweka kwenye statu zetu. Vilikaa saa 24, vikafutika vyenyewe.

Hatuna kanuni kumi za kuwapa, wala hatuifungi grupu. Itaendelea kutangaza saa ya misa na siku ya kulima shamba la parokia, na pengine mtu atatia humo kichekesho, maana vijana ni vijana. Tumekubaliana jambo moja juu ya habari za damu: asiyeweza kumtaja aliyemwambia, na aliyemwambia awe aliona, asizipeleke. Wawili wamekwisha kulalamika kwamba sasa grupu imepoa. Ni kweli imepoa.

Kuhusu daftari la buluu, Jumamosi iliyopita mwandishi alilifungua akasoma majina yote 41 kwa sauti. Hatukuwa tumelifanya tangu grupu ianzishwe. Katika wale 18 ambao hawamo kwenye grupu, 13 ni wasichana, jambo ambalo sisi wavulana tulilisikia tukiwa tumeinamisha vichwa, kwa sababu katika nyumba zetu tunajua simu ikinunuliwa hupewa nani. Kwa majina saba, hakuna aliyeweza kusema mtu huyo analala wapi siku hizi. Mmoja alisemekana yuko Kasongo-Rive, kwa dada yake. Wawili walionekana mara ya mwisho upande wa Wamaza. Wanne hatujui kabisa, tutaanza kwa kuuliza kwa majirani zao wa zamani.

Majina hayo saba tumegawana, wawili wawili. Jumapili hii tunaondoka baada ya misa ya pili. Wa Wamaza wamekwisha kuazima baiskeli.